Kama ni bakteria, mbona dawa hazikuponya fizi zangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, nafundisha sekondari huku Rungwe, nina miaka 41. Fizi zangu zinatoka damu tangu nilipokuwa na mimba ya mtoto wa mwisho, miaka minne sasa. Mwaka jana meno mawili ya mbele juu yalianza kuachana, na gego moja la chini linacheza nikilisukuma kwa ulimi. Duka la dawa walinipa metronidazo na amoksilini. Damu ilikata kama wiki moja, ikarudi. Nikashuka Mbeya mjini. Daktari wa kwanza akasema ni bakteria. Wa pili, baada ya kupiga eksirei, akasema mfupa wangu unaliwa na kinga yangu mwenyewe. Nani mkweli? Mimi nafundisha kidato cha tatu kwamba chembe nyeupe za damu zinatulinda. Halafu kuna jambo linaniudhi: mume wangu hupiga mswaki akikumbuka, meno yake yamejaa ugaga, na halilegei hata moja. Mimi napiga asubuhi na usiku. Mama yangu naye alibaki kibogoyo kabla ya miaka 55. Je, ni ukoo? (Mwalimu, Tukuyu)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Wote wawili wamekwambia kweli. Bakteria ndio wanaoanzisha ugonjwa huu na ndio wanaouweka hai. Lakini kazi ya kubomoa, yaani kukata nyuzi zinazoshika jino na kumega mfupa wa taya, kwa sehemu kubwa inafanywa na kinga yako. Ukishaona mambo haya mawili yanavyoshikana, utaelewa pia kwa nini dawa za wiki moja zilikupa nafuu ya wiki moja.

Tuanzie pale jino linapotokeza kwenye ufizi. Kuzunguka kila jino pana kijifereji chembamba, chenye kina cha milimita 1 hadi 3 kwa mtu mwenye fizi nzima. Ngozi ya mwili hujisafisha kwa kubanduka: seli za juu zinakufa, zinadondoka, na bakteria waliozikalia wanaondoka nazo. Jino halibanduki. Bakteria atakayejishikiza pale leo, asipotolewa, kesho kutwa ana jamii nzima juu ya mgongo wake. Huo ndio ule utando laini, mweupe au wa manjano, unaoukwangua kwa kucha asubuhi. Ukikaa, chumvi za kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, ambao mswaki hauuwezi tena. Vinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zipatazo 700 za bakteria, ingawa mtu mmoja hubeba sehemu tu ya hizo, na nyingi hazina ubaya wowote.

Kinga inakijua vizuri kijifereji hicho. Neutrofili, zile chembe nyeupe unazochora ubaoni zenye kiini kilichogawanyika vipande vipande, hupenya kutoka kwenye mishipa ya damu ya ufizi na kuingia kinywani kwa kadiri ya 30,000 kila dakika, hata kwa mtu ambaye hana tatizo lolote. Kwa hiyo unachofundisha kidato cha tatu ni sahihi, usikifute. Watoto wanaozaliwa na upungufu mkubwa wa neutrofili hupoteza meno mapema sana.

Sasa, utando ukiachwa nini hutokea? Hilo lilijibiwa mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark. Mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 kila mmoja alikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba. Chini ya darubini, bakteria walikuwa wamebadilika: mwanzoni walitawala wale wa duara, kisha wakaja wa fimbo na wa nyuzi, mwisho wale waliojisokota. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilitulia ndani ya wiki moja hivi. Hatua hiyo ni mchochota wa ufizi peke yake, mfupa haujaguswa, na kila binadamu anaweza kuipata. Hapo hakuna cha ukoo wala bahati.

Tofauti kati ya mtu na mtu huanzia baada ya hapo, na hapa ndipo napenda kukupeleka kwa watu wa kazi ambayo wewe wa Rungwe unaiona kila siku barabarani. Löe huyohuyo na wenzake walifuatilia wanaume 480 waliokuwa vibarua kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka, kuanzia 1970 hadi 1985. Hawakuwa wakipiga mswaki, hawakuwa na huduma ya meno, na karibu wote walikuwa na utando na ugaga kila mahali na fizi zilizovimba. Ukiamini kwamba uchafu peke yake ndio unaoamua, ungetegemea waumwe kwa kiwango kinachofanana. Haikuwa hivyo. Asilimia 8 ugonjwa ulikwenda mbio. Asilimia 81 ulikwenda polepole. Asilimia 11 haukuvuka ule mchochota wa mwanzo. Wakifika miaka 35, kundi la kwanza lilikuwa limepoteza wastani wa milimita 9 hivi za mshiko wa jino, kundi la kati milimita 4, na kundi la mwisho chini ya milimita 1. Ukikumbuka kwamba mzizi wa jino la kawaida una urefu wa milimita 12 hadi 15 hivi, unaona milimita 9 maana yake ni nini.

Basi mumeo huenda ni wa kundi la mwisho, na wewe ni wa kundi la kwanza au la kati. Nasema huenda, kwa sababu kwa macho hatujui. Kama anavuta sigara, nikotini hubana mishipa midogo ya damu na fizi zake zinaweza zisitoke damu huku mfupa unaondoka kimyakimya chini. Apimwe naye.

Rudi sasa kwenye ufizi wako. Ufizi ukivimba, kile kijifereji kinazidi kwenda chini na kuwa mfuko. Kwenye mfuko wa milimita 5 au 6 hewa ya oksijeni haifiki, na kutoka kwenye ukuta wake uliovimba unachuruzika majimaji na damu kidogo, vimejaa protini na madini ya chuma. Bakteria wa juu, wanaopenda sukari na hewa, hawana nafasi huko. Wanastawi wengine. Mwaka 1998 Sigmund Socransky na wenzake walionyesha kwamba aina tatu hukutwa pamoja kwenye mifuko mirefu inayotoka damu: *Porphyromonas gingivalis*, *Tannerella forsythia* na *Treponema denticola*. Huyo wa kwanza hali sukari kabisa. Anaishi kwa vipande vya protini na kwa chuma kinachotoka kwenye damu. Ndiyo maana kumkataza mgonjwa wa fizi soda na pipi, jambo jema kwa ajili ya meno yanayotoboka, hakumsaidii sana kwa ugonjwa huu. Bakteria hawa wanalishwa na uvimbe wenyewe. Kinga ikichachamaa, chakula kinaongezeka. Chakula kikiongezeka, bakteria wabaya wanaongezeka. Nao wanaichachamaza kinga zaidi. Duara hilo likishafunga, halivunjiki kwa kusubiri.

*P. gingivalis* ana ujanja unaostahili kipindi kizima darasani. Ana vimeng'enya vinavyoitwa jinjipaini, navyo hukata protini za mfumo wa komplimenti (protini za kwenye damu zinazosaidia kinga), hasa ile ya C5. Kipande kinachobaki, C5a, ni mwito unaovuta neutrofili zije kwa wingi. Ungedhani anajichongea. Lakini wakati uleule anagusa vipokezi viwili juu ya neutrofili kwa namna inayozima uwezo wake wa kuua huku ikiacha uvimbe uendelee. Neutrofili inafika, inakasirika, inamwaga kemikali, haimuui. Wanaonufaika si yeye peke yake bali jamii nzima iliyo kwenye utando. Mwaka 2011 watafiti walimpandikiza kwenye vinywa vya panya waliolelewa bila bakteria yeyote, na mfupa haukupotea. Walipompandikiza kwa panya wenye bakteria wao wa kawaida, akiwa kwa idadi ndogo tu, mfupa uliondoka. Peke yake hana nguvu. Anachofanya ni kuwaharibu wengine tabia.

Sasa kwenye swali lenyewe la mfupa. Neutrofili zilizojaa pale zikishindwa kumeza adui humwaga vimeng'enya vyake nje. Kimojawapo, MMP-8, kazi yake ni kukata kolajeni, protini ngumu kama kamba, na nyuzi zinazoufunga mzizi wa jino kwenye mfupa ni kolajeni. Makrofaji, chembe nyingine za kinga zinazomeza wavamizi, nazo zinatoa saitokini (kemikali ambazo chembe za kinga huitana kwazo) kama intaleukini-1 na TNF, pamoja na prostaglandini, kemikali nyingine ya uvimbe. Limfosaiti T na B, nazo ni chembe nyeupe za damu, zinakusanyika na nyingi kati yake zinatoa molekuli iitwayo RANKL. Hiyo RANKL ndiyo ufunguo. Mfupa wa taya, kama mifupa yote, unajengwa na kubomolewa kila siku. Seli za kubomoa, osteoklasti, hazikomai bila RANKL, na mwili una protini nyingine, OPG, ya kuidhibiti. Kwenye ufizi wenye afya mizani imekaa sawa. Kwenye ufizi wako RANKL imezidi, osteoklasti zimekomaa nyingi kuliko wajenzi, na ukingo wa mfupa unashuka.

Mwili unafaidika nini? Ukiangalia kipande cha ufizi wenye ugonjwa chini ya darubini, kwa kawaida huwaoni bakteria wakiwa juu ya mfupa. Kati yao na mfupa daima pana ukanda wa milimita moja au mbili uliojaa chembe za kinga. Utando ukisogea chini, mfupa nao unarudi nyuma, ule umbali unabaki. Ni kama wanavyofanya kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill moto ukikaribia: wanafyeka miti mizima kwenye ukanda mpana ili moto usipite. Miti iliyofyekwa haikuunguzwa na moto, ila bila moto isingefyekwa. Mwili wako uko tayari kulipoteza jino kuliko kuwaruhusu bakteria waingie kwenye mfupa wa taya na kutoka hapo kwenye damu. Kwa mtazamo wa jino ni hasara. Kwa mtazamo wa mwenye jino sina hakika kama tungependa iwe vinginevyo.

Kuna ushahidi wa ajabu kwamba kinga yenyewe, ikikosa breki, inatosha kubomoa. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa na kasoro inayofanya neutrofili zao zishindwe kujishika kwenye ukuta wa mshipa wa damu na kutoka. Ziko tele kwenye damu, kwenye ufizi hakuna. Meno yao hulegea mapema, na kwa miaka mingi ilidhaniwa ni kwa sababu bakteria hawana wa kuwazuia. Niki Moutsopoulos na wenzake nchini Marekani waliona kitu kingine: neutrofili zikikosekana kwenye ufizi, ile ishara ya kusema “inatosha” haitolewi, na intaleukini-17, saitokini nyingine ya kuchochea uvimbe, inafurika. Mgonjwa mmoja alipopewa dawa inayozuia njia hiyo ya kinga, si dawa ya kuua bakteria, fizi zake zilitulia. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2017.

Usitoke hapo ukaenda kutafuta dawa ya kushusha kinga. Kuna doksisaiklini ya kipimo kidogo, miligramu 20 mara mbili kwa siku, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 mahususi kwa kuzuia MMP-8, kwa kipimo ambacho hakiui bakteria. Inaongeza nafuu kidogo juu ya usafi wa kitaalamu, haichukui nafasi yake. Utando ukiwapo, kinga itaendelea kuitwa.

Na hapo ndipo metronidazo yako ilipokwama. Bakteria ndani ya utando wanakaa kwenye ute mzito walioutengeneza wenyewe, dawa inaingia kwa shida, na wengi wa ndani wamepunguza kasi ya kukua, ilhali dawa nyingi huua zaidi wale wanaokua. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea darubini, aliliona hilo zamani mno. Katika barua aliyoiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1683 alieleza vijidudu alivyovikuta kwenye utando wa meno yake; alijaribu siki, ikaua vile vya nje tu, vya ndani ya utando vikaendelea kuogelea. Dawa zako ziliwapunguza wa juujuu, damu ikakata, ugaga ulioko chini ya ufizi ukabaki palepale, jamii ikajijenga upya. Nitasema wazi kwamba metronidazo inayotolewa dirishani kwa kila fizi inayotoka damu, bila mtu kushika kifaa cha kukwangulia, ni hela iliyopotea na ni njia nzuri ya kuwafundisha bakteria usugu. Maji ya chumvi na karafuu vinapunguza maumivu, basi.

Kuhusu ukoo: ndiyo, kwa kiasi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za ugonjwa huu kati ya watu inatokana na urithi. Si jini moja. Ni nyingi, kila moja ikisukuma kinga kidogo upande huu au ule. Mama yako kubaki kibogoyo ni habari ninayoiandika kwenye faili. Mimba haikukuletea ugonjwa, ila homoni zake huufanya ufizi uitikie utando uleule kwa ukali zaidi, na huenda iliufichua mapema ugonjwa uliokuwa unaanza.

Yako mambo mawili ninayotaka yapimwe kabla ya yote. La kwanza ni sukari. Kisukari kinazidisha ule ukali wa kinga na kuchelewesha uponaji, na ugonjwa wa fizi nao unaifanya sukari ishindikane kudhibitiwa; kutibu fizi hushusha kipimo cha HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita) kwa asilimia 0.3 hadi 0.4 baada ya miezi mitatu hivi. Mtu wa miaka 41 mwenye jino linalocheza na historia ya familia anapaswa kujua sukari yake. La pili ni VVU, na hapa sikushuku chochote, mwalimu. Kwa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye maambukizi ya juu nchini, Njombe ikiwa na asilimia 12.7. Kwa hiyo nyanda hizi kipimo hicho namwambia kila mgonjwa wa fizi, awe mchungaji au dereva wa bodaboda.

Mswaki wako wa mara mbili kwa siku ni mzuri, lakini nywele zake haziingii zaidi ya milimita moja au mbili chini ya ufizi, na katikati ya meno haziingii kabisa. Tafuta ile miswaki midogo ya kupenyeza katikati ya meno. Maduka makubwa ya dawa mjini Mbeya huwa nayo. Kwa mapengo yaliyoanza kupanuka inafaa kuliko uzi. Kutoka damu siku za mwanzo kusikutishe ukaacha.

Kisha omba miadi kwenye kitengo cha kinywa na meno, na ukifika usiseme “nisafishwe meno” tu. Sema unataka mifuko ipimwe. Wachukue kile kifaa chembamba chenye alama za milimita, wapime sehemu sita kuzunguka kila jino, waandike namba. Palipo na milimita 4 na zaidi panapotoka damu pakwanguliwe chini ya ufizi hadi kwenye mzizi, kwa ganzi, pengine kwa safari mbili au zaidi. Baada ya wiki 8 hadi 12 wapime tena namba zilezile. Mfuko ulioshuka kutoka 6 hadi 4 na hautoki damu tena ni ushindi. Uliobaki 6 na unatoka damu unarudiwa, au unapelekwa kwa upasuaji mdogo wa ufizi. Baada ya hapo, kila miezi mitatu, kwa sababu jamii ile ya chini hujijenga upya ndani ya wiki chache ikipewa nafasi.

Ukiona kwenye darasa lako kijana wa miaka 14 au 16 mwenye kinywa kinachoonekana safi lakini meno ya mbele au magego ya kwanza yanalegea, usimwambie apige mswaki zaidi. Hiyo ni aina ya ugonjwa inayokwenda mbio, na pale mara nyingi dawa za bakteria tunazitumia kweli, pamoja na kukwangua. Mwahishe.

Gego lako huenda likakaza uvimbe ukiisha, kwani sehemu ya kule kucheza ni majimaji yaliyojaa kwenye nyuzi, si mfupa uliopotea peke yake. Mfupa uliokwisha kuondoka haurudi wenyewe. Meno ya mbele yaliachana kwa sababu nguzo zimepungua na ulimi unayasukuma. Pengo likiwa dogo na la juzijuzi, wakati mwingine hupungua lenyewe baada ya matibabu. Lisipopungua, meno yanaweza kuvutwa kwa waya, hata kwenye umri wako, lakini si kabla ya mifuko kutulia kwa miezi kadhaa. Atakayekufungia waya kwenye fizi zinazotoka damu atayang'oa polepole, mkimbie.